Uso wa Saa ya Mzee Muzaliwa

Aganze aliitazama ile saa kwa dakika kumi na moja, na katika dakika hizo hakuna aliyegusa chai yake. Alikuwa ameketi kwenye baraza ya fundi Faradji, sokoni Kasongo, mgongo ameupa barabara ili mwanga umwangukie mikononi, lupe, kile kioo cha kukuzia cha mafundi, ameibana jichoni. Alikuwa mnunuzi wa saa za zamani kutoka Bukavu, mtu mwembamba ambaye shati lake lilibaki limenyooka hata baada ya siku nzima ya pikipiki. Mtu anayetoka mbali hivyo kwa ajili ya saa moja si mtu wa kupitwa tu, kwa hiyo kila mpita njia alipunguza mwendo.

Mwenye saa, Ayoubu, hakuketi. Yeye hununua dhahabu kwa wachimbaji wa Salamabila, na saa hiyo aliirithi kwa babu yake, marehemu Mzee Muzaliwa. Ilikuwa kronografu, saa ya mkono yenye vitufe viwili ubavuni: ukibonyeza kimoja, mshale mrefu unaanza kukimbia kupima muda, ukibonyeza tena, unasimama. Mwezi mmoja nyuma aliileta kwa Faradji ikiwa imekufa kabisa, na Faradji akaifufua. Kisha Aganze akaona picha yake kwenye simu, akataja dola elfu nne. Kichwani mwake Ayoubu alikuwa ameshazinunulia pampu ya kunyonya maji shimoni, na pampu hiyo ilikuwa inanguruma tayari.

Aganze alitoa lupe jichoni.

"Kadran, huu uso wa saa, ilipakwa upya," alisema.

"Ilipakwa namna gani?" Ayoubu aliuliza.

"Kwa mukono. Angalia mwenyewe." Alimpa lupe, lakini Ayoubu alitazama kama mtu anayetazama ndani ya chupa tupu. Aganze akaendelea taratibu, bila ubaya. "Mashini ya kiwanda haichoki. Mistari ya dakika inatoka sawasawa toka ya kwanza mpaka ya sitini. Mukono ya mutu inachoka. Hapa juu mistari iko myembamba, ukifika kwenye tarakimu ya nane imekuwa minene. Na wino umevimba kando ya herufi. Kazi nzuri sana, sikatai. Lakini haiko ya kiwanda. Mushale mrefu pia si yake, mutu aliufua kwa nyundo. Na butoni ya chini ni ya saa ingine."

"Sasa bei?"

"Hivi? Dola mia tatu. Kwa ajili ya mashini ya ndani tu."

Ayoubu aliitazama saa, akamtazama Faradji. Watu waliokuwa wamepunguza mwendo sasa walisimama kabisa.

"Fundi," alisema, "mi nilikupa saa nzima ya babu. Umenirudishia nini?"

Faradji alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu alipoachiwa meza hiyo na baba yake hakuna aliyewahi kumwuliza swali la namna hiyo. Alijibu lile aliloweza kulijibu.

"Butoni ya chini nilibadilisha, ilikuwa imevunjika. Nilikuambia, ukasema nitafute yoyote. Na ile ya zamani nilikurudishia, imefungwa kwenye karatasi, ndani ya kisanduku, chini ya kitambaa. Kila kitu kinatoka kwenye saa kinarudi kwa mwenye saa. Ni vile baba alinifundisha."

"Sikuona karatasi yoyote. Na kadran?"

Faradji alifungua mdomo, akaufunga. Damu ilimpanda usoni, na kila aliyekuwa pale aliiona ikipanda. Laiti angesema neno moja tu, hadithi hii ingeishia kwenye chai. Hakusema.

"Umeona?" Ayoubu aliwaambia watu. "Amenyamaza!"

Aliinama, akalibeba sanduku la vifaa vya fundi, lile la mbao lenye bisibisi ndogo na koleo nyembamba, akachukua na lupe ya Faradji iliyokuwa juu ya meza. "Leo Jumanne. Ijumaa, swala ikiisha, mbele ya mjomba wangu Mzee Ibrahim. Ulete kadran ya babu yangu, nikupe sanduku yako. Kama sivyo, tunaenda polisi, na watu wote wa dhahabu watajua ni nani anawapimia mizani."

Aganze alisimama, akajaribu kusema kwamba yeye hakumtaja mtu, kwamba rangi ile ilionekana kuwa ya zamani sana. Hakuna aliyemsikiliza. Ukweli wa nusu ndio watu huuchukua haraka wakaondoka nao.

*

Tishio la mwisho ndilo lililokuwa zito. Saa hazimlishi mtu tena Kasongo. Watu wanatazama saa kwenye simu. Kilichoilisha nyumba ya Faradji ni mizani. Wanunuzi wa dhahabu wa Salamabila na Lusangi walimletea mizani yao midogo aisawazishe na kukagua mawe yake ya uzani, kwa sababu fundi wa saa ana mkono mwepesi, na kwa sababu ya jina. Mtu anayempa mwenzake mizani ya dhahabu amempa mlango wa nyumba yake.

Jumatano kabla ya adhuhuri meza ilikuwa imeanza kuhamwa. Mwenye duka la nguo alikuja kuchukua saa yake ya ukutani, ingawa ilikuwa bado haijafungwa mgongo. Aliondoka nayo matumbo yakiwa nje. Wanunuzi wawili walituma vijana wa pikipiki. Kahindo alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa Butembo aliyenunua dhahabu Lusangi kwa miaka tisa, mnene, mcheshi, asiyepita bila kuacha kipande cha sabuni kwa ajili ya mama yake Faradji.

"Si kwa ubaya, papa Faradji," alisema, akifunga mizani yake kwenye kanga. "Ni watu. Wachimbaji wakisikia mizani yangu inalala kwako, watasema nini?"

"Sijaimaliza, mama Kahindo."

"Itatosha vile iko."

Aliyahesabu mawe yake ya shaba moja moja mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akayatia mkobani. Faradji alilifuata kwa macho lile la gramu tano. Miezi miwili sasa alikuwa anajua kwamba jiwe hilo ni zito kuliko linavyosema, kwamba kila mchimbaji anayepimiwa kwalo anaacha punje kadhaa za dhahabu bila kujua. Hakusema. Baba yake, Atumani, alimfundisha hivi: fundi ni kama daktari, siri ya mgonjwa haitoki mezani. Faradji aliishi kwa neno hilo, na lilikuwa neno zuri la kumwezesha mtu kulala.

Mkewe, Hawa, aliuza vitumbua upande wa pili wa soko. Alirudi kabla ya magharibi na beseni nusu limejaa, akaliweka chini kwa kishindo.

"Leo mama mmoja amehesabu chenji mara mbili," alisema. "Mara mbili, Faradji! Ananitazama vidole. Halafu anasema, siku hizi mikono imekuwa mingi. Mi nimemuuzia yule mama vitumbua toka akiwa na mimba ya mutoto wake wa kwanza."

"Pole."

"Sitaki pole. Nataka uniambie. Kadran uliigusa?"

"Haki ya Mungu, sikuigusa. Niliitoa, nikasafisha mashini, nikairudisha."

"Sasa mbona ulinyamaza mbele ya watu?"

Faradji alichukua kitumbua, akakigeuza mkononi bila kukila. "Kwa sababu naujua mukono ulioipaka."

Hawa alikaa kwenye kigoda.

"Ile siku Ayoubu aliileta, nilifungua mugongo. Ndani ya kifuniko, pale mafundi wanachora alama yao, nikakuta alama ya baba. Herufi A, na mwaka: sitini na ine. Nikatazama kadran. Ile ine yake, Hawa, ile yenye mukia mrefu. Ni ile ine iko kwenye saa ya musikiti."

Saa ya msikiti ilikuwa imepakwa uso na Atumani mwenyewe, na watu wa Kasongo walikuwa wameitazama ine ile, tarakimu ya nne yenye mkia, mara tano kwa siku, miaka nenda miaka rudi, bila kuiona.

"Nikisema baba ndiye alipaka," Faradji aliendelea, "wataniuliza: na ile ya kweli aliuza wapi? Leo mi ni mwizi. Kesho baba ni mwizi kaburini. Bora waseme mimi."

"Bora?" Hawa alicheka kicheko kibaya. "Bora kwa nani? Mi ndiye nahesabiwa chenji! Ulijua tangu siku ya kwanza. Ungemwambia Ayoubu: baba, hii saa imepakwa zamani. Maneno matano. Hapana, ukakaa nayo kama yai mudomoni, na sasa limepasuka, na harufu iko kwetu wote."

Faradji alikirudisha kitumbua kwenye beseni.

"Na mama yako yuko hai," Hawa alisema kwa sauti ya chini. "Sitini na ine alikuwa mwanamke wa nyumba hii. Umemwuliza?"

"Nitamwuliza nini? Kama mume wake aliiba?"

"Muulize alipaka nini. Kama unaogopa, nitamwuliza mimi."

*

Bi Latifa alikuwa na miaka themanini na mbili, na asubuhi ya Alhamisi alikuwa mkekani anachambua mchele. Macho hayakuona mbali tena, lakini vidole vyake viliona kila jiwe. Faradji alichuchumaa mbele yake kama mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, saa ya Mzee Muzaliwa. Baba aliipaka?"

Vidole vilisimama ndani ya mchele.

"Nani amekuambia?"

"Mukono wake umeniambia."

Nje Hawa alikuwa anafagia mahali alipokwisha kufagia.

"Baba yako aliapa," Bi Latifa alisema. "Alishika msahafu, yeye na Muzaliwa, hapa hapa chumbani. Kwamba hawatasema, mpaka kufa."

"Basi, mama. Kama ni kiapo..."

"Mi sikuapa." Aliokota jiwe, akalitupa nje ya ungo. "Hakuna aliniuliza. Nilileta chai, nikaona kila kitu, wakafikiri nimeleta chai tu."

Akaeleza, akiendelea kuchambua. Mwaka wa vita ya Mulele, ule wa sitini na nne waasi walipopigana na serikali, palikuwa na daktari mzungu wa misheni. Wapiganaji walipoingia mjini, Muzaliwa alimficha katika ghala lake la mpunga, siku kumi na tisa. Ndiyo, Muzaliwa yule, aliyekuwa hakosi safu ya kwanza msikitini. Daktari alikuwa amemtibu mke wake alipokuwa anakufa kwa uzazi, na Muzaliwa hakuwa mtu wa kusahau. Daktari alipotoroshwa kwa mtumbwi kule Nyangwe, alivua saa mkononi akamwachia.

"Lakini ilikuwa na musalaba," Bi Latifa alisema. "Kidogo tu, nyekundu, chini ya kumi na mbili. Na maandiko ya daktari, ya kuhesabia moyo. Muzaliwa akaja hapa anatetemeka. Wale wa Mulele wakikukuta na musalaba ya wazungu, unakufa. Jeshi ikarudi, ikikukuta na saa ya muzungu, umeiba, unakufa vilevile. Na kutupa zawadi ya mutu hawezi. Baba yako akasema, lete. Akaipaka kwa rangi ya baiskeli, siku mbili, na wino wa kuandikia aya. Mushale ulikuwa mwekundu vilevile, akaufua mupya kwa ganda ya risasi. Kulikuwa na mengi, kila mahali."

"Alipaka juu? Hakukwangua ya chini?"

"Nitajuaje? Nilileta chai."

Faradji alisimama, akazunguka chumba. Kumbukumbu ya kazi yake ilikuwa imeamka. Alipoitoa kadran mwezi uliopita, ukingoni palikuwa pamebanduka kidogo, na chini ya rangi aliona weupe unaong'aa, mgumu kama kioo. Alikuwa ameuona weupe huo tangu utotoni: kwenye sahani za bati za mama yake zinapogongwa ukingo. Ni udongo wa kioo uliochomwa motoni. Rangi ya baiskeli inatoka juu ya kitu kama hicho. Lakini maandiko ya chini, je, nayo yalichomwa, au yaliandikwa tu juu? Kama yaliandikwa tu, dawa ya kufuta rangi ingefuta yote, na angebaki na sahani tupu mkononi mbele ya watu.

"Hawa," aliita. "Kuna mutu anauza asetoni, ile ya kufuta rangi ya kucha?"

Hawa aliingia na ufagio. "Fatu wa kona. Ataniuliza nimeanza lini kupaka kucha, uzee huu."

"Mwambie unafuta deni," Bi Latifa alisema, akarudi kwenye mchele wake.

*

Ijumaa msikitini, mtu aliyesali karibu na Faradji aliviokota viatu vyake kwanza akavihamishia upande mwingine. Faradji aliona, akatoa salamu kulia na kushoto kama kawaida. Ukutani, saa ya baba yake ilikuwa inaonyesha saa saba na robo.

Kwa Mzee Ibrahim watu walikuwa wameshajaa uani. Mzee Ibrahim alikuwa mtoto wa mwisho wa Muzaliwa, mtu wa miaka sitini na saba, mpole, asiyependa ugomvi ila kwa vile ulikuwa nyumbani kwake alikaa katikati yake. Ayoubu alikuwa ameleta saa, kisanduku chake, na sanduku la vifaa. Aganze alikaa kwenye kiti cha pembeni. Safari yake ya pikipiki ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Kahindo alikuwa amesimama karibu na mlango pamoja na wanunuzi wengine wa dhahabu, waliokuja kujua mizani yao ilikuwa imelala wapi.

"Kadran iko wapi?" Ayoubu alianza.

"Kwanza butoni," Faradji alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, akakohoa. "Papa Aganze, wewe si mutu wa hapa. Fungua kisanduku, uinue kitambaa."

Aganze aliinua kitambaa. Chini yake palikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa, na ndani kitufe kilichovunjika. Akakilinganisha na cha juu. "Ni yenyewe," alisema. Mnong'ono ukapita.

"Butoni ni dola ngapi?" Ayoubu alisema kwa hasira, kwa sababu alikuwa ameaibika kidogo, na mwenye aibu kidogo ni mkali kuliko mwenye aibu nyingi. "Mwizi anaweza kurudisha kifungo akabaki na shati. Kadran!"

"Kadran ya babu yako iko ndani ya saa. Iko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya rangi ya baba yangu."

Faradji akasema yote, haraka, bila kupamba: alama ndani ya kifuniko, ine yenye mkia, daktari, ghala, msalaba. Alipofika kwenye ghala, Ayoubu alipiga paja.

"Hadithi! Marehemu wote wawili wako kaburini, na shahidi ni mama yako. Wajomba, mumesikia? Sasa babu yangu alificha wazungu!"

"Nipe sanduku yangu, nifute. Utaona."

"Na usipokuta kitu?"

Faradji aliwatazama wanunuzi wa dhahabu mlangoni. "Nisipokuta kitu, sitagusa mizani ya mutu tena."

Mzee Ibrahim alifikiri, akaamuru kwa kidole. Sanduku likaletwa. Watu walisogea hadi Aganze akalazimika kuwaomba wasizibe jua.

Faradji aliufungua mgongo, akatoa mashine, akang'oa mishale mmoja baada ya mwingine akaipanga kwenye sahani, kisha akalegeza skurubu mbili ndogo kuliko punje ya ulezi. Kadran ikaja kiganjani. Hata sasa, katika hali ile, aliiona uzuri wake. Mistari sitini, tarakimu kumi na mbili, kwa unyoya na pumzi, mjini mnalia risasi. Zaidi ya saa ya msikiti, hakukuwa na kazi nyingine ya baba yake iliyobaki duniani. Alitaka kulia, na hakukuwa na nafasi ya kulia.

Hawa, aliyekuwa nyuma ya wanawake, alimpa kichupa na kipande cha kitambaa cheupe. Faradji alilowesha ncha, akagusa ukingo mahali palipobanduka, akazungusha kidole.

Rangi ya baiskeli ililainika, ikatoka. Chini pakawa peupe. Peupe tu.

"Hakuna kitu," mtu alisema.

Akaendelea. Ine yenye mkia ilifutika, ikaacha doa jeusi kwenye kitambaa. Tano ikafutika. Palikuwa peupe bado, na jasho lilimdondoka Faradji kutoka puani, akageuza uso lisidondokee kazi. Aliwaza: yalikuwa yameandikwa tu juu, nimeyafuta yote, ya baba na ya kiwanda. Ayoubu alianza kusema neno.

"Ngoja," alisema Aganze, ambaye alikuwa ameinama mpaka kichwa chake kilikaribia kumgusa Faradji. "Ngoja, ngoja! Pale juu."

Chini ya mahali pa kumi na mbili palitokea wekundu. Faradji alipitisha kitambaa mara moja, mara ya pili. Msalaba mdogo ulikuwa pale, mwekundu kama jana, na kwenye ukingo wa juu, rangi ilivyozidi kutoka, ukafuata mstari wa tarakimu nyekundu nyembamba, na maneno ya Kifaransa ambayo Aganze aliyasoma kwa sauti na kuyafasiri: hesabu mapigo ya moyo kumi na tano, kisha utazame mshale.

"Saa ya daktari," Aganze alisema. "Email, udongo wa kioo wa moto. Na haina hata ufa."

Kelele ilitoka kwa Mzee Ibrahim, na haikuwa kelele hasa. Alikuwa ameweka mkono kinywani.

"Jini," alisema. "Wallahi, yule jini."

"Mjomba?" Ayoubu aliuliza.

"Nilikuwa na miaka saba. Baba aliniambia kwenye ghala kuna jini, anakula wali. Kila jioni napeleka sahani, naweka mulangoni, nakimbia. Asubuhi sahani iko tupu. Siku moja jini akakohoa." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali. "Niliogopa lile ghala mpaka nikaoa. Kumbe ni mutu. Kumbe baba..."

Watu wakamzunguka, wakaizunguka saa, wakaanza kusimuliana juu ya Mzee Muzaliwa mambo waliyoyajua na wasiyoyajua. Aganze alikuwa tayari anamwambia Ayoubu kwamba bei sasa ni nyingine, zaidi ya ile ya kwanza, na Mzee Ibrahim akasema kwamba saa haiuzwi, na Ayoubu akasema, mjomba, tuongee, na uga ukajaa maneno ya familia ile na fahari yake.

Faradji aliirudishia saa mshale wa shaba kwa kuwa mwingine haukuwepo, akaifunga, akaibonyeza ikakimbia. Akaviweka vifaa vyake sandukuni kimoja kimoja. Alingoja kidogo. Hakuna aliyesema samahani. Mtu akitangazwa mwizi hutangazwa sokoni. Akionekana si mwizi, watu huona imetosha kunyamaza.

"Ayoubu," aliita. "Kile kitambaa chenye rangi ya saa yako, naweza kuenda nacho?"

Ayoubu aligeuka, uso unang'aa. "Kitambaa? Hiki kichafu? Chukua, fundi, chukua!" Alicheka, akampiga bega kirafiki, kana kwamba Jumanne haikuwahi kuwapo.

*

Nyumbani Bi Latifa alikipapasa kitambaa, akakinusa. Kilinuka asetoni tu.

"Alipaka siku mbili," alisema. "Wewe umefuta kwa muda gani?"

"Nusu saa, mama."

"Wamekuomba musamaha?"

"Hapana."

Alikikunja kitambaa mara nne, akamrudishia. Faradji akasema atakiweka kabatini, pamoja na picha ya baba.

"Usifanye hirizi," mama yake alisema. "Kitambaa ni cha kufutia. Baba yako hakutupa kitambaa hata siku moja. Nenda nacho kazini."

Jumamosi saa mbili asubuhi Kahindo alikuwa wa kwanza mezani, na kipande cha sabuni mkononi.

"Si nilisema? Si kwa ubaya," alisema, akifungua kanga na kuitoa mizani. "Yote imekwisha, papa Faradji. Umalizie kazi yetu. Leo nateremka Lusangi, wachimbaji wananingoja."

Faradji aliiweka mizani sawa. Alikitandaza kile kitambaa juu ya meza, akayapanga mawe juu yake, gramu moja, mbili, tano. Alilishika lile la tano. Sabuni ilikuwa pale. Nyuma ya Kahindo, wanunuzi wengine wawili walikuwa wanavuka barabara na mizani yao, wanarudi. Hawa, na beseni lake kichwani, alikuwa amesimama hatua chache, anatazama.

"Mama Kahindo," Faradji alisema, "jiwe lako hili ni zito. Nilijua toka miezi miwili."

Tabasamu la Kahindo lilibaki usoni kwa muda mfupi, kisha likaondoka lenyewe. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Zamani ulikuwa fundi wa kunyamaza."

"Ndiyo. Nilikuwa."

"Na hawa wanaokuja, utawaambia?"

"Nakuambia wewe. Jiwe ni lako." Alichukua tupa ndogo kutoka kwenye sanduku. "Nilikate, ama uende nalo vile iko? Ukienda nalo, usilete mizani hapa tena."

Wale wawili walikuwa wameshakanyaga ngazi ya baraza. Kahindo aliikamata kanga yake kifuani, akageuza uso barabarani, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Kata," alisema.

Faradji alikata polepole, anapima, anakata tena, mpaka jiwe likatulia kwenye gramu zake tano. Unga wa shaba ulianguka juu ya kitambaa, juu ya doa jeusi la ine ya baba yake, naye hakuupangusa.